Kutoa maji kwenye tope la oili kwa umeme: volti ngapi, bamba gani?

FundiKibirizi (Kigoma)

Wakuu, salaam.

Karakana ya injini za boti hapa Kibirizi ina mapipa 11 ya lita 200 yaliyojaa tope la oili. Ni mabaki ya kuosha matangi ya dizeli, maji ya ngama (yanayojikusanya chini ndani ya boti), na udongo laini uliojichanganya humo. Oili iliyoelea imeshaenguliwa na maji yaliyojitenga yamefunguliwa kwa chini. Kilichobaki ni kizito kama mtindi, hakijitengi tena hata kikikaa wiki nzima. Mkusanyaji mwenye kibali anatoza kwa kilo, na mzigo unakwenda Dar kwa treni, zaidi ya kilomita 1,200. Yaani tunayalipia nauli maji.

Nimesoma kwamba umeme unaweza kuyasukuma maji yatoke kwenye tope la namna hii. Vifaa vilivyopo: paneli mbili za sola za wati 270 (seli 60), chaja ya betri ya volti 24, mashine ya kuchomelea ya transfoma, karatasi ya stenlesi, bamba la chuma cheusi la mm 3, na shabu ya kusafishia maji kilo kadhaa. Naomba kujua bamba lipi liende wapi, volti ngapi, na kama shabu iwekwe kwanza au baadaye.

---

MhandisiMwanga (Kigoma)

Mkuu, inawezekana, ila si kwa kila tope. Kabla hujakata bamba lolote, jua kwanza tope lako ni la aina gani: ni maji yaliyobeba udongo na matone ya oili, au ni oili iliyofunga matone ya maji ndani yake. Kwa macho yanafanana kabisa. Kwa umeme yako mbali sana.

Jaribio la kwanza ni la dakika mbili. Chukua glasi mbili, moja ya maji safi, nyingine ya dizeli. Dondosha tope kidogo kwenye kila moja, koroga polepole. Likitawanyika kwenye maji na kubaki donge kwenye dizeli, maji ndiyo yanayoshika tope zima. Likiyeyuka kwenye dizeli na kubaki donge kwenye maji, oili ndiyo iliyoshika.

Jaribio la pili linakupa namba. Tengeneza kisanduku cha plastiki cha sm 10 kwa 10 kwa 10, lita moja kamili. Weka mabamba mawili ya sm 10 kwa 10 kwenye pande zinazotazamana, jaza tope, unga betri ya volti 12 ukiwa umeweka ampea mita katikati. Usipime kwa kitufe cha ohmu cha multimita. Mita ile inatoa volti ndogo, na kwenye uso wa mabamba peke yake zinapotea kama volti 2 kabla mkondo haujapita vizuri, kwa hiyo namba utakayopata itakudanganya.

Soma hivi:
- Milliampea 50 hadi 200: hili ni tope la kufanyia kazi.
- Ampea 1 na kuendelea: kuna chumvi nyingi. Umeme utaishia kupasha joto tu.
- Chini ya milliampea 1: oili ndiyo imeshika. Kwa njia hii ya volti ndogo hutapata hata tone.

Fanya hivyo kwa kila pipa, usichukue moja ukaamini yote yako sawa. Leta majibu hapa, kisha tuongelee mabamba.

Kuhusu shabu: iache kabisa. Nitaeleza.

---

KatongaLab (Kigoma)

Naongezea sababu, maana ukiijua sababu huhitaji kukariri masharti.

Chembe laini za udongo zikiwa majini zinabeba chaji hasi usoni. Maji yaliyozizunguka yanabeba ayoni (chembe ndogo sana zenye chaji) chanya nyingi zaidi kusawazisha chaji hiyo. Ukiweka volti, ayoni hizo zinakwenda upande hasi na kuyaburuta maji. Matone ya oili nayo yana chaji hasi, kwa hiyo yenyewe yanavutwa upande chanya. Mwanasayansi Reuss aliliona jambo hili Moscow mwanzoni mwa karne ya 19 akitumia udongo na mirija ya kioo, na miaka ya 1930 Leo Casagrande akaanza kulitumia Ujerumani kukausha udongo laini wa kujengea.

Faida yake kubwa iko kwenye tope laini kabisa. Maji yakishuka kwa uzito wake, matundu yakiwa madogo mara 10 kasi inapungua mara 100. Yakisukumwa na umeme, kasi inabaki karibu ile ile. Ndiyo maana kwenye mchanga umeme ni kupoteza hela (kitanda cha kuchujia kinatosha), na kwenye udongo mlaini unafanya kazi ambayo kichujio hakiwezi.

Sasa shabu. Ni chumvi ya alumini. Ayoni ya alumini ina chaji tatu chanya, inakaa juu ya chembe na kuifuta ile chaji hasi. Ukizidisha, inaigeuza kabisa. Chaji ikifutika, hakuna kinachoyaburuta maji. Chokaa nayo ina madhara ya aina hiyo kwa sababu ya kalsiamu, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko shabu.

Hapa Kigoma tuna bahati moja ambayo mabandari ya baharini hayana. Maji ya Ziwa Tanganyika yana upitishaji umeme wa kama maikrosimensi 650 hadi 700 kwa sentimita, wakati maji ya bahari ni kama 50,000. Ngama ya meli ya baharini inakula ampea bila faida. Ya kwetu haina tatizo hilo. Tena pH ya ziwa (kipimo cha asidi: ikipanda, asidi inapungua) iko karibu na 9, na chembe za udongo zinabeba chaji hasi zaidi maji yakiwa na pH ya juu. Ukisoma mahali mtu kajaribu tope la bandari ya bahari akashindwa, usikate tamaa kwa sababu yake.

---

FundiKibirizi

Asanteni sana wakuu. Majibu haya hapa. Mapipa 8 yametoa kati ya milliampea 80 na 110, mengi yako kwenye 95. Tope lake linatawanyika kwenye maji. Mapipa 3 yametoa milliampea 0.3 tu, ni meusi zaidi, yananata, na yanayeyuka kwenye dizeli. Hayo matatu yalitoka chini ya tangi la oili chafu.

---

MhandisiMwanga

Vizuri. Yatenge hayo matatu, usiyachanganye na mengine hata kidogo. Nayazungumzia manane.

Milliampea 95 kwenye kisanduku cha lita moja, ukitoa volti 2 za usoni mwa mabamba, ni ukinzani wa kama ohmu 105 hadi 110. Kwa sanduku la kazi lenye eneo la sm 60 kwa 50 na tope la kina cha sm 10 (lita 30), ukiweka volti 30 utapata mwanzoni kama ampea 7 hadi 8. Paneli moja ya seli 60 inatoa volti 30 hivi na ampea 8 hadi 9 jua likiwa kali. Imekaa kama imepimwa kwa kazi hiyo. Usiweke chaja kontrola katikati, unga paneli moja kwa moja kupitia breka ya DC (umeme wa mwelekeo mmoja). Tope likikauka na ukinzani kupanda, volti zitapanda zenyewe kuelekea 38. Ukinzani ukiwa mdogo, paneli inajizuia yenyewe kwenye ampea zake. Paneli ya pili tengenezea sanduku la pili. Usiziunge mfululizo: volti 60 na zaidi za DC mahali penye maji ni hatari kwa mtu, na huzihitaji.

Mashine ya kuchomelea ya transfoma inatoa AC. Maji yatakwenda mbele na kurudi nyuma, hayatoki. Chaja ya volti 24 inafaa kama ni ya zamani. Hizi za kisasa zenye akili hazitoi umeme mpaka zihisi betri.

Sanduku liwe la plastiki au mbao zilizotandikwa nailoni nzito. Pipa la chuma halifai, umeme utapita ukutani badala ya kwenye tope. Chini acha nafasi ya sm 3 yenye mteremko na bomba la kutolea maji. Juu ya nafasi hiyo weka karatasi ya stenlesi uliyoitoboa matundu mengi ya mm 5. Hilo ndilo bamba hasi. Juu yake tandika kiroba, gunia la plastiki la kusukwa, tabaka mbili, kingo zipande ukutani sm 5 ili tope lisipenye pembeni. Kisha tope, sm 10, lisawazishe na ulishindilie kidogo kwa mwiko kutoa mapovu ya hewa. Juu kabisa bamba chanya: kile chuma cheusi cha mm 3, kikatwe kiwe pungufu ya sanduku kwa mm 5 kila upande ili kiweze kushuka pamoja na tope, na kitobolewe matundu ya mm 10 kila baada ya sm 5 gesi zipate kutoka.

Stenlesi isiwekwe upande chanya kwa namna yoyote ile. Upande chanya chuma kinayeyuka, na stenlesi ikiyeyuka inatoa kromiamu, ambayo sehemu yake inageuka kuwa ile aina yenye sumu kali. Utakuwa umechukua tope baya ukalifanya baya zaidi. Upande hasi stenlesi haiyeyuki, iko salama.

Chuma cheusi nacho kinayeyuka, gramu 1 hivi kwa kila ampea-saa. Sanduku moja kwa siku tatu za jua ni kama ampea-saa 70 hadi 100, yaani gramu 100 zikizidi sana. Bamba lako la sm 59 kwa 49 lina uzito wa kilo 6 hadi 7, kwa hiyo litadumu, ila litaliwa bila usawa, pembeni kwanza. Faida ya kulitoa sadaka ni kwamba sehemu ya umeme inatumika kuyeyusha chuma badala ya kutengeneza asidi. Ukiweka grafiti upande chanya, pH pale inashuka hadi 2 au 3, chembe za jirani zinapoteza chaji, na maji yanagoma kusogea kutoka eneo lile. Kwa mzigo unaokwenda kuchomwa, chuma kidogo ndani yake hakina neno.

Waya wa shaba usiguse tope upande chanya, utaliwa kwa muda mfupi. Chomelea kipande cha nondo juu ya bamba kisimame sm 15, waya uungwe pale juu, na kiungio kifunikwe lami au silikoni.

Uzito: anza na kilo 15 za mchanga kwenye mifuko juu ya bamba. Baada ya saa mbili, tope likishajikaza, ongeza hadi kilo 60. Ukianza na kilo 60 tope litapanda pembeni na kufunika bamba. Uzito huu si wa kukamua maji, ni wa kulifanya bamba liendelee kugusa tope linapopungua kina.

---

MamaMawese (Ujiji)

Samahani kaka zangu, nadandia hapo hapo. Je, uchafu unaobaki chini ya tanki la kusafishia mawese unaweza kukaushwa kwa njia hii?

---

KatongaLab

Shikamoo mama. Kwa mawese mimi sishauri. Tope lile lina pH ya 4 hadi 5, na chembe zake ni nyuzi na mabaki ya tunda, si udongo. Kwenye pH hiyo chaji yake ni dhaifu. Tena zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, umeme utakwenda mwingi kwa faida ndogo. Lipashe moto nyuzi 80 hadi 90, liache litulie kwenye chombo kirefu chembamba, engua mafuta yaliyopanda. Kilichobaki kinafaa kwa mtambo wa gesi ya samadi kikichanganywa na kinyesi cha ng'ombe, usiweke kingi kwa mkupuo kwa sababu ya asidi yake.

---

ReliTabora (Tabora)

Mkuu wa Kibirizi, hayo mapipa matatu yenye milliampea 0.3 ni aina inayosumbua sana karakana za injini kubwa za dizeli. Oili imeyafunga maji katika matone madogo, na masizi pamoja na dawa zilizomo kwenye oili ya injini vinazuia matone yasiungane. Umeme wa volti 30 haupiti kwa sababu oili haipitishi.

Umeme unaweza kutumika hata huko, ila ni mwingine kabisa: maelfu ya volti kwa kila sentimita, ili matone yajinyooshe, yavutane na kuungana. Cottrell wa Marekani alipata hataza za njia hiyo mwaka 1911 kwa ajili ya mafuta ghafi ya California, na visafishaji mafuta vinaitumia hadi leo. Si kazi ya karakana. Cheche moja kwenye mvuke wa dizeli inatosha kuchoma jengo.

Njia yako ni joto na dawa. Weka pipa ndani ya tangi kubwa la maji ya moto, tope lifike nyuzi 70 hadi 80. Usiweke moto chini ya pipa lenyewe: maji yaliyojificha chini yakifika nyuzi 97 hivi (kwa mwinuko wa Kigoma ndipo yanapochemka) yanageuka mvuke kwa ghafla na kurusha oili yote nje. Tia dawa ya kutenganisha maji na mafuta, mililita 40 kwa pipa la lita 200 kwa kuanzia. Koroga polepole dakika 15. Ukikoroga kwa drili yenye mwendo mkali unavunja matone kuwa madogo zaidi, na tone likiwa dogo mara mbili linashuka taratibu mara nne. Acha likae na joto lake saa 24 hadi 48, kisha fungua chini. Maji yakitoka meupe kama maziwa, umezidisha dawa.

Kuna wanaochanganya tope na maranda ya mbao likauke haraka. Ni haraka kweli, na ukivuja kwa bahati mbaya maranda yanafaa sana kuzuia. Ila kwa anayelipa kwa kilo naona ni hasara. Mapipa 8 yanageuka 11, na maji yote yamo ndani bado.

---

FundiKibirizi

Nimeelewa, mkuu wa Tabora. Swali kwa Mhandisi: nitajuaje kwamba sanduku limefika mwisho? Na haya mapovu yanayotoka kwenye bamba ni hatari kiasi gani?

---

MhandisiMwanga

Mwisho usiupime kwa kugusa tope. Upime kwa hesabu ya umeme kwa kila lita ya maji. Kila saa andika volti, ampea, na maji yaliyotoka kwenye ndoo yenye alama. Zidisha volti kwa ampea, gawanya kwa lita za saa hiyo. Mwanzoni, kwa sanduku hili, tegemea kama lita moja na nusu kwa saa kwa wati 200 hadi 220, yaani wati-saa 150 kwa lita au karibu na hapo. Kuchemsha lita hiyo hiyo mpaka iishe kunakula kama wati-saa 700. Kadiri tope linavyokauka namba inapanda. Ikifika 400, simama. Kinachobaki kitoe kwa kulianika tope kwenye tabaka la sm 2 juu ya turubai, chini ya paa lenye upepo.

Hesabu ya mzigo ni hii. Lita 30 zenye maji asilimia 70 zina kilo 21 za maji na kilo 9 za vingine. Ukitoa lita 12 unabaki na kilo 18, nusu yake maji. Mzigo umeshuka kwa asilimia 40. Kufika hapo kunachukua siku mbili hadi tatu za jua zuri. Kutoka hapo kwenda chini, kila lita ni ghali, na ukilazimisha tope linapasuka, umeme unapita kwenye kingo za nyufa na kwingine kote hakuna kinachosogea.

Usiku umeme unakatika wenyewe kwa kuwa hakuna jua, na hilo ni jema. Maji yaliyobaki yanajigawa upya, asidi na magadi ndani ya tope vinakutana na kusawazishana, na asubuhi ampea zinaanza juu kuliko zilivyoishia jioni. Kuna watu wanaogeuza chanya kuwa hasi ili kupata faida hiyo hiyo. Kwa sanduku hili usifanye hivyo, maana ukigeuza, stenlesi inakuwa chanya na tunarudi kwenye kromiamu.

Gesi sasa. Upande hasi unatoa haidrojeni, karibu nusu lita kwa kila ampea-saa kwa hewa ya Kigoma. Kwa ampea 7 ni lita tatu na nusu kwa saa. Uwanjani zinapotea bila shida. Chini ya kifuniko au ndani ya kontena zinakusanyika, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inashika moto. Kwa hiyo:

Sanduku likae nje, lenye kivuli cha juu tu, pande zote wazi. Ile nafasi ya sm 3 chini ya stenlesi iwe na tundu la pili la hewa upande wa juu wa mteremko, la sivyo haidrojeni inajikusanya humo. Breka iwe mita 3 kutoka kwenye sanduku, na usichomoe waya wowote kabla ya kuizima, kwa sababu DC ya paneli inatoa cheche ndefu. Tope lenye harufu ya petroli lisiingie kabisa. Likitoa harufu ya mayai viza, zima na usogee mbali upande upepo unakotoka. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, ngama ya zamani huwa nayo, na asidi ya upande chanya inaifukuza itoke. Ukiona harufu imepotea ghafla ilhali bado uko pale, usidhani imekwisha: gesi ile inaua pua kwanza.

---

ReliTabora

Hapo kwenye harufu nasisitiza na mimi. Mfunge paneli, lakini msiwaache vijana walale karibu na masanduku.

Halafu Mhandisi, matone ya maji yanayotoka yakipungua kabla ya wakati, Fundi aangalie nini kwanza?

---

MhandisiMwanga

Aangalie ampea. Ndizo zinazosema tatizo liko upande gani.

Matone yamepungua na ampea zimeshuka pamoja: tatizo liko juu. Ama tope chini ya bamba chanya limekauka na kuachana nalo, ama oili imejikusanya pale na kulipaka bamba. Zima, inua bamba, kwangua. Oili utakayoikuta ienguliwe, hiyo ni faida, ndiyo sababu tuliweka chanya juu. Kama ni ukavu, nyunyiza lita robo ya maji ya ziwa sawasawa juu ya tope, rudisha bamba. Wengine wanatia magadi kidogo kwenye maji hayo kuua asidi. Kijiko kimoja cha chai kwa lita si kibaya, zaidi ya hapo unaongeza chumvi.

Matone yamepungua lakini ampea ziko pale pale: tatizo liko chini. Maji yamefika kwenye kiroba ila hayapiti. Karibu na bamba hasi pH inapanda hadi 11 au 12, na maji ya ziwa letu yana magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu. Vyote viwili vinaganda hapo vikawa utando mweupe kwenye stenlesi na kwenye nyuzi za kiroba. Ukiona weupe huo ujue ndio.

Ampea zinapanda na tope linapata moto, maji hayaji: kuna njia ya mkato, ufa uliojaa maji au bamba chanya lililoinama likakaribia ukuta. Tope likizidi nyuzi 50 punguza, pumzisha saa moja.

---

KatongaLab

Utando mweupe unatoka kwa siki au maji ya ndimu. Toa kiroba na stenlesi, loweka nusu saa, suuza kwa maji mengi. Usitumie dawa ya kufulia yenye klorini, na hasa usiichanganye na siki, inatoa gesi ya klorini. Viroba ni rahisi kupatikana, kwa hiyo mimi ningebadilisha kipya kila baada ya masanduku matatu badala ya kusugua cha zamani.

Jambo la maji yanayotoka limeguswa kidogo mno humu. Yatakuja ya njano au ya kahawia, yanateleza vidoleni kwa sababu ya pH ya 11, na yana oili kidogo. Vaeni glavu za nitrile, si za kitambaa. Yasimwagwe ziwani wala kwenye mfereji unaokwenda ziwani. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, Mto Lukuga upande wa Kongo, na kinachoingia kinakaa karne nyingi. Isitoshe, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 taka za aina hii ni taka hatarishi, na kuzishughulikia kunahitaji kibali. Nendeni ofisi ya NEMC (baraza la taifa la mazingira) kabla ya kuwasha sanduku la kwanza, mkiwa na mchoro wa sanduku na makadirio ya lita. Mkusanyaji wenu naye aelezwe, ili hati zake za usafirishaji ziandikwe uzito na unyevu mpya.

Maji yenyewe yawekwe kwenye pipa lake. Yakae siku mbili wazi chini ya paa, oili iliyopanda ienguliwe, kisha yapite kwenye ndoo ya mkaa uliopondwa juu ya mchanga, yakidondoka taratibu. Sehemu ya maji hayo yaliyochujwa ndiyo mtumie kulowanisha bamba chanya likikauka, badala ya kuchota mapya ziwani: magadi yake yanaua asidi pale pale. Msishawishike kuyaoshea matangi. Maji yenye pH ya juu yanasaidia oili kujichanganya na maji, mtakuwa mnatengeneza mapipa mengine manane.

---

FundiKibirizi

Nashukuru sana wakuu wangu. Naanza na NEMC wiki hii, sanduku moja kwanza. Kiroba kiwe cha sukari au cha unga?

---

MhandisiMwanga

Cha sukari, kile kisicho na nailoni ndani. Kama kina nailoni, itoe. Kioshe kabla ya kutandika, sukari iliyobaki kwenye nyuzi inavutia nyuki na sisimizi, na mtakuwa mnafungua sanduku hilo kila saa.